Risasi Zilizolala

Mzee wa Kanisa hakuwa na neno "kufa" mdomoni mwake. Tulikaa mlango kwa mlango, ghorofa moja, kwenye jengo moja pale Jane na Finch, huku ughaibuni, na kwa miaka yote hiyo sikumsikia akilitamka hata kwa kuku. Simu ikiisha chaji, imelala. Gari likigoma kuwaka wakati wa baridi, limelala. Na habari mbaya zikija kutoka kwao Uvira, alikuwa anagonga mlango wangu taratibu, kofia mkononi, ananiambia, "Mama, shemeji yetu amelala." Kwetu Tanzania nasi tunasema hivyo, lakini neno hilo tunalitunza kwa msiba, mtu anaposoma wasifu wa marehemu. Yeye alilitumia Jumatatu mpaka Jumapili. Aliniambia siku moja kwamba lile neno lingine alilisema sana huko nyuma, akalimaliza.

Naanza na neno hilo, kulala, kwa sababu ndilo lililomponza.

Mambo ya alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani siyajui, na sikuuliza. Huku watu wa umri wetu hatuulizani. Kila mtu ana mzigo wake na wa mwenzake haumpunguzii. Nilimkuta ameshakuwa mjane, ameshakuwa mzee wa kanisa katika kanisa la Wakongo na Warundi linalopanga ukumbi wa shule, anasimama mlangoni kila Jumapili na suti ile ile ya kijivu, anagawa vitabu vya nyimbo na kuwanunia wanaochelewa. Siku za kazi alifanya kibarua kwenye kampuni inayotoa vyombo kwenye nyumba za marehemu. Mzungu mzee akifariki, watoto wake wanaita watu, wanakuja kubeba kila kitu mpaka zibaki kuta. Mimi nawaogesha wazungu hao wakiwa hai, kwenye nyumba ya kulelea wazee. "Mama, sisi tunafanya kampuni moja," alikuwa ananitania tukikutana kwenye lifti. "Wewe zamu ya kwanza, mimi zamu ya pili." Siku nyingine nilikuwa nimechoka hata kucheka, nampungia mkono tu naingia ndani na viatu vyangu.

Ni kwenye nyumba hizo alikookota ugonjwa wake. Siku moja, chumba cha chini, walikuta ganda la risasi ya mzinga, la shaba, refu mpaka gotini, ndani yake zimesimamishwa fimbo za kutembelea. Marehemu alikuwa askari ujanani, akalileta kutoka vitani Ulaya kama ukumbusho. Watoto wakasema litupwe. Mzee hakutupa. Alilifunga na koti lake, akapanda nalo basi la Finch, amelipakata mapajani, na watu wakampisha wakidhani amebeba mtoto.

Baada ya hapo ikawa shughuli. Kila Jumamosi aliyopata nafasi alikwenda minadani, au kwenye kumbi za nje ya mji ambako wazungu wenye ndevu wanauziana vitu vya kijeshi. Hakutaka bunduki, hakutaka visu, wala zile kofia za chuma. Alitaka kitu kimoja tu: risasi za mizinga ya Wajerumani ya kutungulia ndege, za ile vita kuu ya pili, zilizotolewa baruti zamani na kutobolewa. Kulikuwa na ndogo zenye urefu wa karoti, na kubwa ambazo mimi mwenyewe nilishindwa kuziinua. Kila moja ilikuwa na tundu ubavuni lililochimbwa kwa keekee, ili mtu aone kwamba ndani hakuna kitu. Yeye tundu hilo aliliita kitovu. Kabla hajakubali kuchukua, aliingiza kidole cha mwisho humo, akakizungusha, akakitazama. "Isiyo na kitovu siibebi," alisema. "Hiyo bado iko na mawazo."

Nyumbani kwake zilikaa kila mahali. Juu ya kabati, chini ya kitanda, nyuma ya mfuko wa unga wa muhogo. Alizisugua kwa limau na chumvi, na harufu ya limau ilitoka mpaka koridoni, wapita njia wakadhani kuna samaki. Alinionyesha mara nyingi, nikiwa sina hata hamu, kwamba zile za mwanzo wa vita zilikuwa shaba tupu, nzito, zinang'aa, na za mwishoni zilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba juu juu, na kutu inaanza kula pembeni. "Unaona hapa? Walishaanza kuishiwa," alisema akizigusa hizo za kutu. Nadhani hizo ndizo alizozipenda zaidi. Ganda moja kubwa alinipa mimi, niweke miavuli.

Kwa nini alizikusanya, hilo ndilo swali, na kila aliyeuliza alipewa jibu lake. Mchungaji aliambiwa, "Ni shaba tu, Mchungaji, hata nyoka wa Musa alikuwa wa shaba." Fundi aliyekuja kutengeneza friji aliambiwa ni vyombo vya maua. Mimi aliniambia mambo mawili kwa nyakati tofauti, na sijui lipi lilikuwa la kweli. La kwanza ni kwamba risasi hizi zilitengenezwa kutazama juu. "Zile nilizozijua mimi zilitazama mlango wa mtu," alisema. "Hizi zilipigwa mawinguni, nyingi zikakosa, zikapiga hewa. Silaha ya kukosa, mama, hiyo ninaweza kulala nayo chumba kimoja." La pili alilisema siku nyingine, tunakunja nguo kule chini kwenye mashine za kufulia, bila mimi kuuliza. Alisema kila mtu huku ana picha za vita yake, wazungu wanaweka medali kwenye kioo, na yeye yake hawezi kuiweka juu ya kabati. "Basi nimeomba ya watu wengine," akasema, akaendelea kukunja shuka.

Mtu huyo huyo, siku ya taifa wakirusha fataki mwezi wa saba, alikuwa anafunga madirisha yote, anajifungia bafuni na redio, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka ziishe. Mlango ukipigwa kwa nguvu aliacha kuongea na hakukumbuka alikuwa anasema nini. Na humo humo bafuni, pembeni ya sabuni, kulikuwa na risasi. Niliwahi kumwambia, "Mzee, wewe hueleweki." Akasema, "Bon, nani ameomba kueleweka?"

Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi kuliko harufu ya limau. Hakumsahihisha mtu. Kwenye kuchelewa kanisani alikuwa mkali kama pilipili, lakini mtu akikosea neno, akamwelewa vibaya, aliacha hivyo hivyo na kubeba matokeo yake. Aliwahi kusema mbele ya wanakwaya kwamba Jumamosi atashinda akishughulika na mambo ya mizinga. Mama mmoja wa Kikenya, sauti ya kwanza, alisikia mizinga akaelewa ya nyuki. Jumapili iliyofuata akaja na chupa tupu. "Mzee, nimeskia uko na mizinga. Si unipatie asali kidogo, nina kifua." Mtu mwingine angecheka na kueleza. Yeye akapokea chupa, akaenda dukani, akanunua asali, akaimimina humo, akabandua hata karatasi ya duka isionekane. Akamletea. Yule mama akaonja akasema hii ndiyo asali, si zile za supamaketi. Basi tena, ikawa kila mwezi. Mimi nilikuwa sina mbavu, lakini pia nilimkasirikia. Nikamwuliza atanunua asali mpaka lini. "Alifurahi," akasema. "Sasa nimwambie nini, kwamba furaha yake ina makosa?"

Alikuwa na binti mmoja. Ndiye pekee aliyebaki kati ya wote aliokuwa nao. Alimleta hapa akiwa mdogo wa kubebwa, na leo ni mtu mzima, ana kazi ya ofisini na nyumba Richmond Hill. Binti huyo alisikia Kiswahili chote. Kukisema, hapana. Shuleni walimcheka Kiingereza chake, kisha kanisani vijana waliotoka nyumbani karibuni wakamcheka Kiswahili chake, akaona bora abaki na kimoja. Kila Jumamosi jioni alikuja na chakula kwenye makopo, baba anasema Kiswahili, binti anajibu Kiingereza, wanaelewana nusu ya kila kitu. Mzee hakulalamika. Ila nilimwona akimsikiliza mtoto wangu wa mwisho akiniomba chumvi kwa Kiswahili, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa anayetazama sahani ya mwenzake.

Basi ikaja siku ile ya Februari. Bomba lilipasuka ghorofa ya juu, wafanyakazi wa jengo wakaingia kila chumba kuangalia dari. Kwa Mzee walifungua kabati, wakaona kilichomo, wakatoka wakikimbia. Haukupita muda koridoni wakajaa polisi na zimamoto. Mimi nilikuwa nimetoka kazini asubuhi hiyo, nimesimama mlangoni kwangu na kanga juu ya sare, nataka kitanda tu. Ilikuwa Jumamosi, binti amewahi, yuko na baba yake mlangoni. Mzee alijua Kiingereza cha kumtosha, lakini akiona sare Kiingereza kilimtoka chote. Afisa mmoja akauliza kama vitu vile ni vizima au vimeshatolewa ubaya. Mzee akamgeukia binti yake. "Waambie zimelala, mama. Zote zimelala zamani."

Na yule binti, ambaye siku zote alijifanya Kiswahili hakimhusu, akasimama mbele ya baba yake, akafungua mikono kama anamkinga, akaanza kutafsiri. Kwanza akamwambia baba kwa Kiswahili, "Usiogope, nitasema mimi." Kwa Kiswahili, ndiyo, mbele ya watu wote, na lafudhi yake ile. Kisha akawageukia wale maafisa akawaambia kwamba risasi zimelala. Akatumia lile neno la Kiingereza la mtu aliye kitandani, ambaye ataamka.

Nilimwona afisa akirudi hatua nyuma. Aliuliza tena, na binti akarudia vizuri zaidi, kwa kujiamini, akaongeza kwamba zimelala muda mrefu sana na baba yake anazitunza. Mungu wangu. Nikafungua mdomo niseme. Mzee akaniona juu ya bega la mtoto wake, akatikisa kichwa. Kidogo tu, lakini kilikuwa kichwa cha mzee wa kanisa, nikafunga mdomo.

Jengo zima likatolewa nje. Vizee, watoto kwenye mablanketi, wanafunzi na vitabu vyao, mama mmoja na sufuria ya maharage aliyokataa kuiacha. Tulisimama kwenye theluji mpaka walipotufungulia ukumbi wa shule ya jirani. Nilikaa sakafuni na sare yangu, miguu inauma, nikasema moyoni kwamba mtu huyu ana wazimu. Mbele yangu yeye amekaa kwenye kiti cha watoto, na binti amemshika mkono anamsemesha. Vineno viwili vitatu, vimevunjika vunjika, vya Kiswahili. "Baba, unasikia baridi? Baba, mimi niko." Mzee anaitikia ndiyo, ndiyo, na macho yake yalikuwa yanacheka.

Polisi walizichukua zote kwenye masanduku. Baada ya muda wakasema hazina neno, ni vyuma vitupu, anaweza kurudishiwa. Lakini ofisi ya jengo ikasema kwanza aeleze: kama zilikuwa tupu, kwa nini alisema zimelala, watu wakatolewa nje kwenye baridi ile? Jibu lilikuwa rahisi. Lilikuwa la kusema tu kwamba aliyetafsiri alikosea neno. Nilikwenda naye ofisini kumtafsiria, nikamsihi kwenye lifti, "Mzee, waambie. Utavipata vitu vyako." Alipofika mbele ya yule meneja akasema, nami nikatafsiri kwa uchungu, kwamba kosa ni lake, ulimi wake uliteleza kwa hofu. Meneja akasema basi mtu asiyejua kama mabomu yake yako hai hawezi kukaa nayo humu. Achague vyuma au nyumba. Risasi zikaenda kuyeyushwa. Watoto wa jengo wakamwita Babu Bomu, na baadhi ya watu, hasa waliotoka kulikowaka moto kweli, wakaacha kupanda naye lifti.

Nilimkasirikia wiki nzima, sikumsalimia. Mwishowe yeye akagonga mlango. "Mama, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, si ndivyo tunasema?" Nikamwambia ndiyo, na wewe umebeba ulimi wa mwingine. Akakaa. Akatazama ganda lake la miavuli pale pembeni, lililosalimika kwa kuwa lilikuwa kwangu. "Mtoto yule alifunga kinywa toka ana miaka ya kung'oa meno. Siku anakifungua, anakifungua kunitetea. Nimwambie umekosea? Atakifunga tena, na safari hii mimi nitalala kabla hakijafunguka." Kisha akanitazama sawasawa. "Asijue. Hata nikiondoka, asijue." Nikasema hatajua. Nilikuwa bado nimekasirika niliposema hivyo.

Na kweli, binti hakukifunga kinywa tena. Alikuja Jumamosi na maneno mapya, anayatafuta, anayakosea, na baba anakula makosa hayo kama ubwabwa. Alisema "baba, miguu yako anauma" na Mzee akajibu kwamba anauma sana. Wale vijana wa kanisani wakijaribu kucheka, Mzee aliwapa jicho. Miguu hiyo ndiyo iliyomtoa hapa. Ngazi zilimshinda lifti ikiharibika, na lifti yetu inaharibika kila kukicha. Binti akamhamishia kwake. Mlango wa pembeni yangu sasa anakaa kijana wa chuo asiyesalimia.

Nilichelewa kwenda kumwona. Kazi, mabasi, na uchovu huu ambao hata ukilala unaamka nao. Mwezi wa nne mwaka huu ndipo nikapata siku ya mapumziko, nikapanda mabasi mpaka Richmond Hill, upepo unapiga, mfuko wangu wa limau mkononi kwa mazoea tu, ingawa hakuwa tena na shaba ya kusugua. Nikagonga. Binti akafungua. Alikuwa hajachana nywele, macho mekundu, amejifunga sweta la baba yake. Akajitahidi kutabasamu.

"Karibu, Anti," akasema. "Baba amelala. Amelala leo asubuhi."

Nilikaa pale pale kwenye kibenchi cha kuvulia viatu, limau zikamwagika sakafuni, nikalia. Nililia kwa kuchelewa kwangu, nikalia kwa kuwa sikuwa nimeleta hata kanga nyeusi. Binti akapiga magoti mbele yangu. "Anti? Anti, nini?" Alikuwa ameogopa kabisa. Nikaanza kumwambia pole, mwanangu, pole sana, na hapo hapo, ndani, nyuma ya mlango wa sebule, mtu akakohoa.

Kikohozi kile ningekijua popote, nimekisikia ukutani miaka mingi. Nikamtazama yule mtoto. Amekesha na mgonjwa, mgonjwa kapata usingizi alfajiri, naye kanieleza kwa Kiswahili safi kisicho na kosa. Akaniuliza tena, polepole, akitafuta kila neno, "Nimesema vibaya?"

Ningemweleza, angeelewa. Ana akili yule. Angeunganisha mambo, angerudi mpaka kwenye ile korido na wale maafisa, na angejua. Nikafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Umesema vizuri," nikamwambia. "Ni upepo. Macho yangu hayapendi upepo wa huku."

Akaniamini, au aliamua kuniamini. Akaokota limau, akanipeleka ndani. Wamemwekea kitanda sebuleni, karibu na dirisha. Amekwisha, mifupa na blanketi, lakini kichwa ni kile kile. Macho yalikuwa yamefumba. Nikavuta kiti, nikamshika mkono, nikahisi kidole chake cha mwisho kikisogea kiganjani mwangu, kinatafuta tundu.

"Umelia," akasema bila kufumbua macho.

"Sikulia, Mzee."

"Nimesikia yote. Nyumba za huku kuta zake karatasi." Akapumua, akapumzika, kisha akafumbua jicho moja. "Tulia, mama. Nimelala kwa Kiingereza."

Nilicheka na machozi yakarudi, vyote pamoja. Binti akachungulia kutoka jikoni, limau mkononi, anatabasamu kwa kuwa sisi tunacheka.

"Baba amesema nini?" akauliza.

Mzee akanibana mkono.

"Ameomba chai," nikamwambia. Akaenda kuweka maji jikoni.